Hofu ya Taa za Usiku Beni na Butembo Si Ujinga

Kila mara taa isiyojulikana ionekanapo usiku juu ya Beni, Oicha au Butembo, watu wakapigiana simu, wakapuliza filimbi na kugonga masufuria ili kuamshana, asubuhi yake hufuata maneno yale yale. Afisa akizungumza redioni, mwezeshaji akifungua semina, mwandishi aliyeshuka jana kutoka Kinshasa au Ulaya, wote huimba wimbo mmoja: raia wa huku ni wepesi wa kuamini uvumi, hawajui mambo ya anga, na dawa yao ni uhamasishaji. Waelezwe setilaiti ni nini, hofu itakwisha. Maoni haya yametuingia hata sisi wenyeji tuliosoma, na yamekuwa njia ya kujitenga na majirani zetu. Aliyefika chuo kikuu hucheka taa. Anayelima kakao huiogopa.

Mimi nayapinga maoni haya kuanzia mzizi wake. Hofu ya taa za usiku katika Kivu ya Kaskazini haikuletwa na ukosefu wa elimu ya anga, na elimu ya anga haitaiondoa. Imeletwa na miaka mingi ya vyombo kuruka juu ya vichwa vya watu bila yeyote kuwaambia vyombo hivyo ni vya nani na vinatafuta nini. Anayewaita watu hawa wajinga anamwondolea mzigo aliyekuwa na wajibu wa kusema akanyamaza.

Kwanza nizungumze na majirani zangu, maana sitetei uvumi. Taa nyingi zinazoonekana juu ya Ruwenzori na bonde la Semliki hazina siri yoyote. Tangu Mei 2019 kampuni ya SpaceX ya Marekani imekuwa ikirusha setilaiti za Starlink kwa mafungu, na fungu la kwanza pekee lilikuwa na setilaiti 60. Siku za mwanzo baada ya kurushwa hupita zikifuatana kwa mstari, taa nyuma ya taa, bila sauti. Mtu ambaye hajaambiwa chochote akiona mstari huo ukitoka upande wa Mambasa na kuelekea Ziwa Edward, kushtuka ni haki yake. Lakini taa zile hazijiwashi. Ni jua linalozimulika zikiwa mamia ya kilomita juu, wakati sisi huku chini tumeshaingia gizani. Na kwa kuwa tunaishi karibu kabisa na Ikweta, ambako jua huzama wima, kivuli cha dunia hupanda upesi. Setilaiti ya kimo cha kilomita 550 ikipita utosini huonekana kwa muda wa saa moja na nusu hivi baada ya machweo, kisha hatuioni tena mpaka kwenye saa kumi na nusu alfajiri. Ndiyo maana setilaiti nyingine hufifia ghafla katikati ya anga, na watu wakasema kuna aliyeizima. Imeingia kivulini, basi.

Nyota kubwa nyeupe inayokaa magharibi baada ya machweo, au mashariki kabla ya mapambazuko, bila kusogea kwa namna ya kuonekana, ni Zuhura. Mstari unaowaka kwa sekunde moja au mbili ukatoweka ni kimondo. Ndege ya kawaida huwa na taa nyekundu kwenye bawa la kushoto, kijani kwenye la kulia, na nyeupe zinazomweka. Taa ya rangi ya chungwa inayocheza kama moto, ikaenda polepole kufuata upepo na kuzimika baada ya dakika chache, huenda ikawa taa ya karatasi, nami nitaifikia.

Lipo jambo jingine ambalo ni lazima lisemwe waziwazi. Droni iliyotumwa kupeleleza au kupiga haijitangazi kwa taa ng'avu. Huruka gizani, juu, na mara nyingi husikika kabla ya kuonekana, kama huonekana kabisa. Kwa hiyo anayeinyooshea kidole taa nyeupe inayopita na kusema kwamba ndiyo inayowaongoza wachinjaji, amekosea. Sijaona ushahidi wowote kwamba waasi wa ADF, ambao wazee wetu bado wanawaita NALU, wamewahi kufuata taa ya angani hadi kijijini. Wanakuja kwa miguu, kwa njia za mashamba, na mara nyingi wanazijua njia hizo kuliko askari waliotumwa kutulinda.

Haya yote yanaweza kufundishwa kwa nusu saa chini ya mwembe, na ningefurahi yakifundishwa. Lakini baada ya somo hilo, je, mama wa kijijini Mbau atalala? Hatalala, kwa sababu swali lake halikuwa hilo.

Watu wa Beni wanajua droni ni nini kuliko wengi wa wale wanaotaka kuwafundisha. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha kutoka Goma ndege zisizo na rubani, mara ya kwanza katika historia yake ya kulinda amani. Zilikuwa hazina silaha. Tuliambiwa kazi yake ni kuona. Mwaka haukupita. Oktoba 2014 mauaji ya halaiki yakaanza katika wilaya ya Beni, kijiji baada ya kijiji, kwa mapanga na shoka. Agosti 13, 2016 yakaingia Rwangoma, ndani ya mji wa Beni wenyewe, na makumi ya watu wakafa kwa mkupuo mmoja. Tangu wakati huo raia anauliza: kama kuna macho angani, yaliona nini, na aliyeona alimwambia nani? Swali hili haliwezi kuulizwa na mtu asiyejua droni. Linaulizwa na mtu anayejua vizuri kabisa kifaa hicho kinaweza kufanya nini, akalinganisha na kile kilichofanyika. Ni hoja iliyonyooka. Haijajibiwa kwa namna ambayo mwanakijiji anaweza kuishika, na mahali pa jibu hilo ndipo uvumi ulipojenga nyumba yake, ule wa helikopta zinazodaiwa kuwashushia waasi silaha usiku.

Miaka ikaenda. Novemba 30, 2021 ndege na mizinga ya Uganda ilipiga kambi za ADF upande huu wa mpaka, na operesheni Shujaa ya majeshi ya nchi mbili ikaanza. Ilitangazwa siku hiyo hiyo, ndiyo, lakini wanavijiji walisikia kishindo kwanza na maelezo baadaye. Februari 2024 droni zilishambulia uwanja wa ndege wa Goma. Juni mwaka huo Kanyabayonga ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, na maelfu waliokimbia kutoka kusini mwa Lubero wakaingia Butembo wakiwa na habari zao za vitu vinavyoruka. Januari 2025 Goma nayo ikaanguka, serikali ya jimbo ikahamia Beni, na vita ambavyo tulikuwa tukivisikia kwa mbali vikasogea. Katika hali hiyo mtu akitoka nje usiku, akaona taa asiyoijua, akamwamsha jirani, amekosa nini? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hapa unyasi ni mwingi, lakini nyoka naye yupo kweli.

Hoja ya ujinga tumewahi kuijaribu, na tuna kumbukumbu ya matokeo yake. Agosti 1, 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, kilomita 30 hivi kutoka Beni. Ilidumu hadi Juni 25, 2020 na kuua watu 2,287, hivyo kuwa mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Afrika Magharibi. Tangu wiki za kwanza ufafanuzi ulikuwa huo huo: watu hawaelewi, wahamasishwe. Magari yenye vipaza sauti yakazunguka, mabango yakabandikwa, vipeperushi vikagawiwa.

Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la kitabibu la Lancet Infectious Diseases. Robo ya waliohojiwa walisema Ebola haipo. Namba hiyo ilisafiri dunia nzima, kwa sababu ilithibitisha kile ambacho wengi walikuwa wameshakiamini juu yetu. Namba nyingine ya utafiti ule ule haikupata nauli: ni asilimia 32 tu waliosema kwamba wanaamini viongozi wa mahali wanasimamia maslahi yao. Na watafiti walionyesha uzito wake. Asiyemwamini kiongozi alikuwa na uwezekano mdogo wa kukubali chanjo au kufuata maelekezo ya kujikinga. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa kuvunjika kwa imani, na hakuna aliyeuandalia kituo cha matibabu.

Kisha Desemba 26, 2018 Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi. Zingoje hadi Machi. Sababu iliyotolewa ilikuwa Ebola na usalama. Soko lilikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Rais akaapishwa Januari 24, 2019, na kura zetu za urais hazikuhesabiwa kwa sababu hazikupigwa. Huko Beni, siku nchi ilipokuwa ikipiga kura, watu walipanga mistari na kujifanyia uchaguzi wao wa kuigiza, wakinawa mikono kwanza, ili dunia ione kwamba inawezekana. Watu walioweza kubuni jambo lile kwa siku nne hawakuwa wajinga wa Ebola. Walikuwa wameielewa vizuri mno, pamoja na matumizi yake. Baada ya hapo mwezeshaji angehubiri virusi na popo mpaka sauti ikauke. Waliomsikiliza walikuwa wakifikiria sanduku la kura.

Najua jibu la wapinzani wangu, na ni jibu zito: uvumi unaua. Aprili 19, 2019 daktari Richard Mouzoko, mtaalamu kutoka Cameroon aliyekuja kwa Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi na kuuawa ndani ya hospitali Butembo alipokuwa kazini. Julai 26, 2022 maandamano dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, mjini humo humo yaliishia kwa vifo vya walinda amani watatu na vya raia. Damu ile ilimwagika katika mji wetu na hatuwezi kuipuuza. Daktari yule alikuja kututibu. Hakuna hasira wala historia inayomhalalishia mtu kumuua, na nimechoka kuwasikia wanaotafuta maneno laini ya kulizunguka jambo hilo.

Lakini tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Ikiwa uvumi unaua, basi anayeacha nafasi ya uvumi anashiriki. Maneno ya uongo hayakui mahali ambapo neno la kweli limefika kwanza na limetoka kwa mtu anayeaminika. Kuwalaumu waliojaza ukimya kwa maneno yao, bila kumgusa aliyeuacha ukimya huo, ni kufanya nusu ya hesabu.

Tazameni Goma, jioni ya Mei 22, 2021. Anga upande wa kaskazini iligeuka nyekundu. Kituo cha kuchunguza volkano kilikuwa kimepitisha miezi katika shida: msaada wa Benki ya Dunia ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na fedha za vipimo na mawasiliano hazikuwepo. Watu waliutazama ule mwanga, wakakumbuka mlipuko wa Januari 2002, wakafunga virago na kuanza kutembea kuelekea Gisenyi na Sake kabla ya tangazo la serikali kuwafikia. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imepasuka kweli. Usiku ule raia walisoma anga sawasawa, na taasisi yenye kazi ya kusoma anga na ardhi ndiyo iliyokuwa imenyimwa macho. Sikumsikia mtu akisema watu wa Goma ni washirikina kwa kuogopa mwanga. Heshima hiyo hiyo naidai kwa mama wa Mbau.

Na tazameni Kenya. Desemba 30, 2024 duara la chuma lenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 lilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Hebu fikirini kitu kama hicho kikianguka Eringeti. Pale Mukuku wanakijiji walishtuka kama ambavyo yeyote angeshtuka, na maneno yakaanza. Lakini maofisa wa Shirika la Anga la Kenya walifika, wakalizungushia eneo, wakalichukua duara, na ilipofika Januari 1 shirika lilikuwa limeshatoa taarifa kwa umma: ni kipande cha roketi, cha aina inayotakiwa kuungua hewani au kuangukia baharini, na uchunguzi unaendelea. Watu wa Mukuku hawana elimu ya anga kuliko watu wa Oicha. Wana taasisi iliyokuja bila kuchelewa ikasema inachokijua, na ikasema pia kile ambacho bado haijakijua.

Kongo nayo imezungumza kuhusu Starlink. Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano ilikataza matumizi yake. Mei 2025 ikatoa leseni. Mazungumzo yote yalihusu masahani ya chini: nani anayo, nani hana ruhusa, isije ikawa waasi wanayatumia. Wakati wote huo mistari ya taa ilikuwa ikipita juu ya Lubero na Beni. Ratiba ya kupita kwake inaweza kupatikana na yeyote mwenye simu na intaneti, siku kadhaa kabla. Mwalimu mmoja wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben akipewa dakika tano kila Jumapili kwenye Radio Moto angeweza kusema: Jumanne saa moja usiku mtaona taa zikitoka magharibi, ni setilaiti, zitatoweka baada ya dakika nne au tano. Jumanne ikifika na taa zikapita kama alivyosema, mwalimu huyo ameaminika zaidi ya semina kumi. Huo ndio ufundishaji ninaoukubali, kwa sababu unamwambia mtu jambo kabla ya hofu yake, na unamwachia alithibitishe kwa macho yake mwenyewe.

Kuhusu taa za karatasi. Asili yake ni China, na kaskazini mwa Thailand, hasa Chiang Mai, watu huzirusha kwa maelfu kila Novemba. Ni mfuko wa karatasi nyepesi wenye kimoto kidogo chini yake. Hewa ya ndani ikipata joto hupungua uzito, mfuko ukapaa. Picha zake zinapendeza na zimeenea duniani, na wafanyabiashara wa Butembo wana njia yao ya Guangzhou ya miaka mingi, kwa hiyo bidhaa hii kufika kwetu si jambo la ajabu. Naiona siku ambayo mtu mwenye nia njema atapendekeza tuzirushe kwa ajili ya harusi, mwaka mpya, au hata kuwakumbuka waliouawa. Namsihi asifanye hivyo. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2020 taa za namna hii zilichoma nyumba ya nyani na sokwe katika bustani ya wanyama ya Krefeld, Ujerumani, wakafa wanyama zaidi ya 30, katika mji wenye magari ya zimamoto na mabomba ya maji kila mtaa. Butembo imezungukwa na mikaratusi, mti unaowaka hata ukiwa mbichi. Na hata pasipo moto, anayerusha taa asiyoweza kuiongoza juu ya vichwa vya watu ambao hakuwaambia anawafanyia kile kile ninachowalalamikia wenye droni na helikopta. Waliouawa Rwangoma wana majina. Tuyasome majina hayo kwa sauti, mchana.

Inabaki hoja ya siri ya kijeshi, ambayo hutolewa kila tunapouliza. Jeshi haliwezi kutangaza njia za ndege zake kwa adui, nami simtaki rubani yeyote afe kwa ajili ya udadisi wangu. Hakuna anayedai ramani ya kesho. Lakini helikopta iliyotua jana usiku kwenye uwanja wa ndege wa Mavivi kuchukua majeruhi imeshatua. Adui aliisikia kama sisi. Ndege ya misaada iliyochelewa imeshachelewa. Kusema asubuhi kwamba kelele za saa tano usiku zilikuwa za kusafirisha majeruhi hakumsaidii muasi yeyote, na kunamsaidia baba aliyekaa mlangoni na panga usiku kucha bila kujua anamngoja nani. Kama chombo hakikuwa cha jeshi la Kongo, wala cha Uganda, wala cha MONUSCO, hilo nalo lisemwe, maana hapo raia ana haki ya kuogopa na jeshi lina kazi ya kufanya. Na kama msemaji hajui, aseme hajui na lini atajua.

Madai yangu kwa walioko Beni leo, kuanzia ofisi ya gavana hadi makao ya operesheni, ni madogo na hayahitaji mfadhili. Pawe na mtu mmoja mwenye jina na cheo, ambaye kazi yake ni kupokea taarifa za taa na sauti za usiku kutoka kwa machifu na viongozi wa mitaa, kuzilinganisha na safari za vyombo vyetu na vya washirika wetu, na kuzijibu. Aanze kwa kumuuliza raia aliona nini, saa ngapi, upande gani, kwa muda gani, na amsikilize kama shahidi. Na jibu litolewe asubuhi ile ile, kwa Kiswahili na Kinande, kabla watu hawajaamua kama wataenda shambani.